Simu 41 kwa siku 14: kisa cha fundi, fomu ya bima na namba isiyonyamaza

Kisa hiki ni cha mfano, lakini hakuna kipande chake kilicho kigeni kwa mtu aliyezoea kushughulikia malalamiko ya simu za mauzo. Mhusika ni fundi wa majokofu anayejiajiri. Ana laini moja, ndiyo ya kazi na ndiyo ya nyumbani, na wateja wake wengi humpigia mara ya kwanza kwa namba asizozijua. Ushauri unaotolewa haraka kuliko mwingine wote, "usipokee namba ngeni", kwake ni sawa na kufunga kazi. Ndiyo maana tumemchagua. Anayeweza kunyamazisha namba ngeni zote ana tatizo dogo: abonyeze mpangilio huo kwenye simu yake (iPhone zinao tangu 2019) na aendelee na maisha.

Chanzo kilikuwa fomu ya mtandaoni ya kulinganisha bei za bima ya gari. Alijaza jina, namba ya simu, aina ya gari na mwezi ambao bima yake inaisha. Hata hajafunga ukurasa, simu ya kwanza ikaita. Hadi jioni zilikuwa sita. Wiki ya pili zikaanza kuchanganyika na nyingine: sauti zilizorekodiwa zinazosema "bonyeza 1", simu ambazo ukipokea unasikia kimya halafu zinakatika, na namba za nchi za mbali zinazoita mlio mmoja tu.

Alianza na yale ambayo karibu kila mtu huanza nayo. Alizuia namba moja moja, akafika 27. Alikata simu kila aliposikia neno "bima". Mara mbili alibonyeza 9 kwenye sauti iliyorekodiwa, kwa sababu iliahidi kumwondoa kwenye orodha. Mwishoni akapakua programu ya kutambua wapigaji. Simu hazikupungua, na baadhi ya hatua hizo zilizidisha.

Tuanze na kukata, maana hapo ndipo wengi hawajui kinachotokea upande wa pili. Wakala wa mauzo hapigi namba kwa kidole. Programu humletea simu iliyokwisha kupokelewa, na kwenye skrini yake huona jina, namba na sehemu iitwayo chanzo. Kila simu ikiisha, hawezi kupewa nyingine mpaka achague jibu moja kwenye orodha fupi: hakupokea, laini ina shughuli, apigiwe tena, hana haja, asipigiwe kabisa. Chaguo hilo ndilo linaloamua hatima ya namba yako. Ukikata katikati ya salamu, wakala hana sababu ya kuandika "asipigiwe kabisa". Ataandika "simu imekatika" au "apigiwe tena", na programu itairudisha namba yako kwenye foleni, pengine baada ya saa chache. Fundi alikuwa akikata kwa hasira, na kila alipokata alikuwa anaomba apigiwe tena. Kutukana nako hakusaidii. Wakala aliyetukanwa naye ni binadamu, na kitufe cha "apigiwe tena" kiko pale pale.

Kuzuia namba moja moja hushindwa kwa sababu nyingine. Kituo cha simu kikubwa kina namba nyingi na huzizungusha. Matapeli hawahitaji hata hizo: huonyesha namba ya kubuni, au ya mtu mwingine kabisa asiyejua lolote. Namba 27 alizozuia fundi huenda nusu yake zisingempigia tena hata kama angeziacha. Kubonyeza 9 ndiko kulikuwa kubaya zaidi, kwani kwa sauti iliyorekodiwa isiyotaja kampuni, kitufe chochote kina maana moja tu: laini hii ni hai na kuna mtu anayesikiliza.

Kazi yenyewe ilianza na daftari. Si lazima liwe la karatasi, ila ni lazima lijazwe palepale simu inapokatika, si jioni. Safu tano zinatosha: tarehe, saa na dakika, namba iliyoonekana, ilidumu sekunde ngapi, na nini kilisikika. Saa iandikwe kama simu inavyoionyesha, kwa mtindo wa saa 24. Sisi tukisema "saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni" tunaelewana, lakini malalamiko yakifika kwa kampuni ya simu au kwa mdhibiti wa mawasiliano, "10:42" itasomwa asubuhi, na watafuatilia simu ambayo haikuwahi kupigwa. Andika 16:42. Dakika ni muhimu kwa sababu namba inayoonekana inaweza kuwa bandia, hivyo anayefuatilia simu hiyo hategemei namba bali kumbukumbu za mitambo, akitoka kampuni moja ya simu hadi nyingine iliyopitisha simu hiyo, mpaka afike ilikoingilia. Bila muda kamili hana pa kushika. Na kumbukumbu hizo hazitunzwi milele, kwa hiyo malalamiko ya miezi sita iliyopita mara nyingi ni ya kusikilizwa tu.

Kwa siku 14 daftari lilikusanya simu 41. Mawakala waliozungumza: 17. Kimya: 11. Sauti zilizorekodiwa: 9. Mlio mmoja kutoka ng'ambo: 4. Ukizitazama hivyo zinaonekana matatizo manne. Safu ya saa ndiyo iliyofichua. Simu za mawakala karibu zote ziliingia kati ya 16:00 na 18:30, na simu 8 kati ya zile 11 za kimya ziliingia ndani ya muda huohuo, kwa namba zilizoanza kwa tarakimu zilezile.

Kimya hicho si mzimu, wala si lazima awe mwizi anayechunguza kama uko nyumbani. Programu ya kupiga simu huita namba nyingi kuliko mawakala waliopo, ikikisia kwamba wengi hawatapokea. Ikikosea hesabu, watu wawili hupokea kwa wakala mmoja, na mmoja wao huachwa hewani. Marekani imeweka kikomo kwenye kanuni zake za mauzo kwa simu: simu zinazoachwa hivyo zisizidi asilimia 3 ya zilizopokelewa na binadamu katika siku 30 za kampeni moja, na wakala aunganishwe ndani ya sekunde 2 baada ya mpokeaji kumaliza salamu yake. Programu nyingi pia hupima urefu wa salamu. "Haloo" fupi ikifuatiwa na kimya huhesabiwa kuwa mtu, na maneno marefu yasiyokatika huhesabiwa kuwa mashine ya kupokea ujumbe. Kwa fundi hili lilikuwa na manufaa yake madogo: akaanza kupokea kwa sentensi nzima, "Habari, hapa ni huduma ya kutengeneza majokofu, tafadhali eleza jokofu lako lina shida gani." Mteja wa kweli hufurahia. Programu wakati mwingine hudhani imepata mashine na kukata. Wakati mwingine, si kila mara.

Kwa hiyo simu 25 kati ya 41 zilikuwa na asili moja. Swali likawa: nani?

Hapa fundi alipaswa kufanya jambo asilolipenda, yaani kumwacha wakala aongee. Dakika moja na nusu inatosha, mradi ulizaji uwe wa utulivu na wakala asipewe taarifa yoyote mpya. Mazungumzo yenyewe huwa hivi, wakala akianza:

"Habari za jioni dada. Nakupigia kuhusu bima ya gari lako, naona inaisha mwezi ujao."

"Nzuri kaka. Kabla hatujaendelea, wewe unapiga kwa niaba ya kampuni gani?"

"Sisi ni washirika wa makampuni mbalimbali ya bima, dada, tunakutafutia iliyo nafuu."

"Sawa. Nikikubali leo, mkataba utakuwa na jina la nani?"

Hapo jina hutoka, maana bila jina hakuna mauzo.

"Na namba yangu mmeitoa wapi?"

"Iko kwenye mfumo tu, dada."

"Kwenye skrini yako kuna sehemu ya chanzo. Imeandikwa nini?"

Wengine watasoma. Wengine watakata, na hilo nalo ni jibu: liandike. Anayesoma akishamaliza, sema sentensi moja bila kuizungushazungusha: "Niandike asipigiwe kabisa, na uniambie barua pepe ya wanaoshughulikia taarifa binafsi." Usiseme "sina muda sasa" wala "labda siku nyingine". Kwenye ile orodha fupi, maneno hayo yana kitufe chake, nacho ni "apigiwe tena". Na kwa heshima zote za lugha yetu, "tutaona" ni ahadi kwa mtu anayelipwa kwa mauzo.

Wakala wa nne ndiye aliyesoma chanzo. Ilikuwa ileile tovuti ya kulinganisha bei. Fundi akarudi kwenye fomu na kupiga picha ya skrini. Chini ya kitufe cha kutuma, kwa herufi za kijivu, kulikuwa na kisanduku kilichokuja na tiki tayari: "Nakubali kuwasiliana nanyi na washirika wenu waliochaguliwa." Neno "washirika" lilikuwa kiungo, na kiungo kilifungua orodha ndefu ya kampuni. Tovuti ya aina hiyo haiuzi bima. Inauza majina ya watu wanaotafuta bima, na jina moja huuzwa kwa wanunuzi kadhaa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana simu ya kwanza iliingia papo hapo: kila mnunuzi anakimbilia kuwa wa kwanza kusema haloo.

Kwa hiyo barua haikwenda kwa wakala. Ilikwenda juu, kwa mwenye tovuti, na nakala kwa kampuni tatu za bima zilizotajwa na mawakala. Maneno yake:

"Tarehe hii na saa hii nilijaza fomu kwenye tovuti yenu kwa namba hii. Naondoa idhini niliyoitoa siku hiyo, na nakataa taarifa zangu zitumike kwa matangazo au mauzo ya aina yoyote. Nijulisheni kwa maandishi mmezipeleka kwa nani na lini. Wajulisheni wote hao kwamba nimeondoa idhini. Namba yangu msiifute: iwekeni kwenye orodha yenu ya namba zisizopigiwa, na mnithibitishie."

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo wengi huikosea. Mtu aliyechoka huandika "futeni kila kitu kunihusu", na kampuni ikimtii kikamilifu, inafuta hata kumbukumbu kwamba hataki kupigiwa. Mwezi unaofuata inanunua orodha nyingine yenye namba ileile, inaipitisha kwenye orodha yake ya waliokataa, haikuti kitu, na inapiga. Haijavunja ahadi, imesahau tu kama ilivyoombwa. Kampuni inaruhusiwa kubaki na namba yako kwa kazi hiyo moja ya kujizuia, na ni kwa faida yako.

Nguvu ya barua inategemea ulipo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika 2018, haumpi mfanyabiashara nafasi ya kubishana: ukikataa taarifa zako zitumike kwa matangazo ya moja kwa moja, matumizi hayo lazima yakome, na ombi la kujua taarifa zako zilipo hujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinampa mtu haki ya kukataa matumizi ya kibiashara ya taarifa zake na ofisi ya kupeleka malalamiko. Marekani imejikita zaidi kwenye orodha ya taifa ya wasiotaka kupigiwa, iliyoanzishwa 2003.

Orodha kama hiyo ya taifa inafaa kujiandikisha popote ilipo, ila izingatiwe inachoweza. Haizuii simu kuingia. Inawakataza wafanyabiashara wanaotii sheria, nao huilinganisha na orodha zao kwa vipindi: Marekani angalau kila siku 31, na Uingereza usajili huchukua hadi siku 28 kushika sawasawa. Anayejiandikisha leo na kulalamika keshokutwa anakuwa amewahi mno. Kuna na mwanya ambao ungemnasa fundi wetu. Kwa kanuni za Marekani, mtu aliyeuliza bei kwa kampuni anaweza kupigiwa na kampuni hiyo kwa miezi 3 hata kama yumo kwenye orodha, na aliyenunua, kwa miezi 18 tangu muamala wa mwisho. Kinachoufunga mwanya huo ni kumwambia mpigaji moja kwa moja asikupigie tena. Ile sentensi ya kumwambia wakala ina kazi ambayo orodha haiifanyi.

Simu 9 zilizorekodiwa hazikuguswa na haya yote, wala haikutegemewa ziguswe. Sauti isiyotaja kampuni haina anwani ya kupelekewa barua. Kwa hizi dawa ni tatu: usibonyeze, usiongee, ripoti kwa kampuni yako ya simu na kwa mdhibiti ukiwa na zile dakika kamili. Marekani na Kanada zilianza 2021 kuzilazimisha kampuni za simu kuweka saini ya kidijitali kwenye simu zinazopita kwa intaneti, ili anayepokea ajue kama namba inayoonekana ina mwenyewe. Saini hiyo inathibitisha namba, haithibitishi tabia. Msumbufu mwenye namba halali hupita nayo bila shida. Sauti za akili unde (AI), zinazotengenezwa na kompyuta, nazo zimeingia, na Februari 2024 mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani aliamua kwamba zihesabiwe kuwa sauti bandia chini ya sheria ya 1991 ya kuwalinda wenye simu, yaani zisitumike kumpigia mtu bila idhini yake.

Zile 4 za mlio mmoja ni mchezo ambao Wajapani waliupa jina wangiri, mlio mmoja na kukata. Lengo ni udadisi wako: upige, uangukie kwenye namba inayotoza ghali, na mgao wa malipo umfikie aliyekuita. Usipige. Tofauti yake na nyingine ni kwamba hapa namba ni ya kweli, la sivyo wasingepata fedha, kwa hiyo kuizuia na kuiripoti kunafaa. Kama hupigi ng'ambo, omba kampuni yako ya simu ifunge simu za kutoka kwenda nje.

Kwenye simu yenyewe fundi alibadilisha mambo machache. Aliifuta ile programu ya kutambua wapigaji, kwa kuwa ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyohifadhi, na majina hayo ni ya wateja ambao hawakumruhusu kuyagawa. Kila mteja mpya humhifadhi simu inapoisha, na waliohifadhiwa wana mlio wao. Baada ya saa za kazi simu hunyamaza isipokuwa kwa waliohifadhiwa. Katika mpangilio huo kuna kipengele cha kuruhusu anayerudia kupiga (ndani ya dakika 3 kwa iPhone, dakika 15 kwa Android). Kiliwekwa kwa ajili ya dharura, lakini programu za kupiga simu nazo hurudia papo hapo. Alikizima, na familia yote ikahifadhiwa kwa majina. Kwa fomu za mtandaoni alichukua laini ya pili isiyo na kazi nyingine.

Wiki ya kwanza baada ya barua hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Vituo vya simu hupakia majina kwa mafungu, na fungu lililokwisha kupakiwa huendelea kupigiwa hadi lifike mwisho. Wiki ya tatu mawakala walipungua wazi. Siku 14 zilizofuata baada ya mwezi kutimia, daftari lilikuwa na simu 7: sauti zilizorekodiwa 5, kimya 1, wakala 1. Wakala huyo alitoka kwenye kampuni iliyokuwa imethibitisha kwa barua pepe kwamba namba imeshazuiwa. Malalamiko kwa mdhibiti yaliandikwa siku hiyohiyo, kurasa mbili: mistari ya daftari inayoihusu kampuni hiyo tu, picha ya kisanduku chenye tiki, barua, na uthibitisho wao wenyewe ukiwa na tarehe. Simu nyingine zote hazikutajwa. Anayesoma malalamiko hana budi kuona kampuni moja, ahadi moja na simu moja iliyopigwa baada yake.

Daftari halijafungwa. Majina yaliyozeeka huuzwa tena kwa bei ya chini, mara nyingi miezi michache baada ya fomu kujazwa, na bima ya gari hurudi kila mwaka kwa mwezi uleule ambao fundi aliuandika mwenyewe. Ameweka alama kwenye kalenda: wiki sita kabla ya mwezi huo, chanzo kiulizwe upya, na barua ile ipelekwe kwa jina jipya litakalotajwa.